Siku Papa Josias Kaomba Alipoinua Mkono

Baba Padri, ndugu wa Kalemie na wa kando ya ziwa, familia inaomba masikio yenu kwa ajili ya huyu tunayemzika, Papa Josias Kaomba, aliyezaliwa kijijini Zongwe, ufukoni mwa ziwa, tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa Papa Wilfried, mvuvi, na Mama Lucie, aliyelima muhogo ili minerval, karo ya shule ya mwanawe, ilipwe kwenye misheni ya Moba, alikopata diploma mwaka 1977.

Alifundisha Kiambi, akahamia Kalemie mwaka 1983 kufanya kazi katika biro ya mtaa, akafunga ndoa na Mama Elisabeth tarehe 7 Julai 1984, wakajaliwa watoto watano, na majirani waliogombania viwanja wakazoea kuja kwake mapema, wakimkuta Mama bado anawasha makaa.

Desemba 2018 alichaguliwa mbunge wa jimbo, na aliyemtembezea kampeni ni mdogo wake Ruben, mvuvi, aliyewaahidi watu katika kila ufuko kwamba Josias hatakubali ziwa lifungwe. Juni 2021 ikaletwa bungeni sheria ya kusimamisha uvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, miezi mitatu kila mwaka. Asubuhi hiyo, akivaa koti, alimwambia mke wake, "Leo ninakatala, Mama." Jioni redio ikasema ameinua mkono pamoja na waliokubali, na Mama Elisabeth akadhani redio imekosea jina. Aliporudi akamuuliza, naye akavua viatu, akasema, "Mukono ulipanda. Hata mimi sijaelewa bado."

Ruben alipanda boti akaja, akasimama nje ya mlango, akamwita kaka yake.

"Yaya, ulituuza?"

"Hakuna muntu aliyeninunua."

"Basi njo nini?"

Ruben akarudi Zongwe, na tangu siku ile hawakusemezana.

Mama Elisabeth ametafuta sababu mpaka leo, mara anaona mumewe aliwahurumia samaki, kwa kuwa alizoea kusema zamani nyavu za baba yao zilikuwa zinapanda nzito kuliko za leo, mara anaona aliwaogopa wakubwa, lakini mwoga huyo si mume aliyemjua, na mwenye huruma angesema. Uchaguzi wa Desemba 2023 alishindwa, Zongwe wakamnyima kura, naye bila kulalamika akachukua jembe, akaenda shambani.

Februari 2025 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara kwa mara, akafariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025. Siku ile Mama alimuuliza tena, kwa upole, ni kwa nini aliinua mkono, naye akafumbua macho, akasema, "Uniulizie kwa Ruben kama samaki wamerudi." Mama hajui kama hilo lilikuwa jibu au ni homa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nje pamoja nasi, wenzake wa bungeni na wa biro, na ninyi wa Zongwe mliofika leo asubuhi bila kualikwa. Hatujui kama mmemsamehe, na hatutawauliza.

Wewe Ruben, uliyebeba jeneza la kaka yako begani, swali lake la samaki tumekufikishia, Mama Elisabeth anangoja jibu.

Papa Josias, Bwana akupokee, upumzike kwa amani yake.