Kifaa Kisicho na Kitako

Puseletso: Haloo? Duka la Pumziko hapa. Nani mwenzangu?

Tieho: Haloo... habari za mchana, Mme, mama yangu. Naitwa... Modise.

Puseletso: Nzuri, baba, Ntate Modise. Nikusaidie nini?

Tieho: Nauliza tu. Kwa ajili ya utafiti.

Puseletso: Utafiti.

Tieho: Naandika ripoti. Kuhusu hivi... hivi vifaa vya chumbani mnavyouza.

Puseletso: Viko vingi, Ntate. Vya mbele, vya nyuma, vya—

Tieho: Vya nyuma. [anakohoa] Tuanze na vya nyuma. Kwa mpangilio tu.

Puseletso: Hebu ngoja. Sauti hii naijua. Jumatatu ilikuwa nje ya duka langu na kipaza sauti.

Tieho: Hapana, mimi—

Puseletso: "Mangaung si Sodoma!" Ukaivuta hiyo Sodoma mpaka mbwa wa fundi viatu akabweka. Ntate Tieho Rantsane, mwenyekiti wa kamati ya maadili. Alhamisi mnakwenda baraza la jiji kuomba nifutiwe leseni.

Tieho: Mtandao unakatakata—

Puseletso: Mbona mimi nakusikia vizuri?

Tieho: Sawa. Ni mimi. Lakini ripoti ni ya kweli, dada yangu, Ausi Puseletso. Mtu hawezi kupinga kitu asichokijua.

Puseletso: Umepinga miaka miwili bila kukijua, na umeweza. Haya, uliza.

Tieho: Mwananchi wa kawaida. Anachaguaje?

Puseletso: Anatazama kitako.

Tieho: Ausi!

Puseletso: Kitako cha kifaa, Ntate. Chini kiwe kipana, kipana kuliko chenyewe, kibaki nje. Huko nyuma misuli inavuta, na hakuna ukuta wa kukizuia kitu. Kisicho na kitako kinakwenda.

Tieho: Kinakwenda... wapi?

Puseletso: Juu.

Tieho: [kimya]

Puseletso: Haloo?

Tieho: Nipo. Naandika. Endelea.

Puseletso: Achukue silikoni safi, isiyo na mshono wa kukwaruza. Ile plastiki inayonuka kama tairi aiache hukohuko sokoni. Na aanze na kidogo! Wanaume nawajua, kila mmoja anataka kuanzia darasa la saba.

Tieho: Na... na kulainisha?

Puseletso: Kilainishi cha maji, kingi, na aongeze kila kikikauka. Kule hakujilainishi kwenyewe. Wala asipake dawa ya ganzi, maana maumivu ndiyo yanayomwambia aache.

Tieho: Na mafuta ya kuchua viungo?

Puseletso: Yale yanayowasha?!

Tieho: Nauliza tu kwa—

Puseletso: Ntate. Umekaa au umesimama?

Tieho: Nimesimama.

Puseletso: Tangu lini?

Tieho: Tangu saa tatu asubuhi.

Puseletso: Uuu, Ntate Rantsane.

Tieho: Nikikaa kinasogea. Ausi, nakusihi, usicheke.

Puseletso: Sicheki. Ni mtandao. Kuna damu?

Tieho: Hapana.

Puseletso: Homa? Kutapika? Tumbo linauma?

Tieho: Haliumi. Linatetemeka.

Puseletso: Linatetem—

Tieho: Betri. Kwenye boksi waliandika inadumu saa nane.

Puseletso: [anaweka simu mbali, anarudi] Samahani. Kuna mteja alikuwa anakohoa. Kina umbo gani?

Tieho: Kama yai. Yai la bata. Niliagiza kwa posta, wameandika ni cha kukanda shingo.

Puseletso: Nisikilize sasa. Usichokore. Si kidole, si kijiko, si koleo.

Tieho: Koleo nimeirudisha kwenye droo.

Puseletso: Hujaitumia?

Tieho: Niliitazama tu.

Puseletso: Bora. Dawa ya kuharisha umekunywa?

Tieho: Nilikuwa naifungua.

Puseletso: Ifunge! Wala usijipige bomba la maji. Unaweza kujichana utumbo. Nenda hospitali, sasa hivi, na usile kitu, huenda wakakulaza usingizi kidogo ili wakitoe.

Tieho: Hospitali siendi.

Puseletso: Ntate—

Tieho: Siendi! Nesi wa mapokezi anaimba kwenye kwaya yangu. Sauti ya pili. Kesho naongoza ibada, nitamtazamaje? Nitasubiri tu. Betri zikiisha—

Puseletso: Betri zikiisha kitakuwa kimekwama kimya kimya, basi. Unajua nilikuwa nani kabla ya duka hili?

Tieho: Wanasema ulikuwa nesi.

Puseletso: Miaka kumi na moja, wodi ya dharura. Nimepokea mshumaa, chupa, balbu ya taa. Wote walidai waliteleza bafuni, Ntate. Unaweza kudhani Mangaung nzima inaoga katikati ya rafu za duka la vyombo. Yupo mmoja alikaa na aibu yake siku tatu. Mwalimu. Alipoletwa, utumbo ulishatoboka.

Tieho: Akapona?

Puseletso: Nilikwenda kumzika. Ndiyo maana nikafungua duka.

Tieho: Sikujua.

Puseletso: Hukuuliza. Kwa nini hukuja kwangu, Ntate? Ningekuuzia kizuri, ningekuambia ukivalishe kondomu, ukioshe kwa maji ya moto na sabuni, usikitoe nyuma ukakipeleka mbele kwa mtu. Dakika tano tu.

Tieho: Ningeingiaje? Nimeweka watu wa kamati hapo ng'ambo. Wanaandika majina ya wote wanaoingia.

Puseletso: Kuna mlango wa nyuma.

Tieho: Utani huo si mzuri.

Puseletso: Mlango wa duka, Ntate!

Tieho: Ah.

Puseletso: Nusu ya kamati yako wanaujua.

Tieho: Nani?! Nitajie—

Puseletso: Siri za wateja sitoi.

Tieho: Nina miaka hamsini na mbili, Ausi. Nilitaka tu kujua ikoje. Mara moja. Mke wangu, Mme Nthatisi, alikuwa amekwenda mazishini kwa dada yake.

Puseletso: Kutaka si kosa. Kosa ni pale uliponunua. Mkeo amerudi?

Tieho: Yuko jikoni. Ananiita chakula toka saa sita, namwambia tumbo.

Puseletso: Gari huwezi kuendesha. Mwambie.

Tieho: Ataniacha.

Puseletso: Hatakuacha.

Tieho: Unajuaje?

Puseletso: ...Nasema tu. Fungua mlango wa bafu, Ntate. Mimi nangoja kwenye simu.

Tieho: Usikate.

Puseletso: Sikati.

Tieho: [mbali] Mme Nthatisi? Njoo kidogo. Hapana, njoo. Funga mlango... [sauti za chini, hazisikiki, kisha kitu kinaanguka]

Puseletso: Ntate? Haloo? Nini hicho?

Tieho: Ni mwiko. Ameangusha mwiko.

Puseletso: Anasemaje?

Tieho: Amekaa pembeni ya beseni. Anacheka. Analia na anacheka. Sasa amenishika mkono.

Puseletso: Haya. Mwende.

Tieho: Hospitali niseme nini? Niliteleza?

Puseletso: Useme kilivyo. Yai, plastiki, lina betri, limeingia saa tatu. Daktari anahitaji hayo, dhambi hahitaji. Na huyo nesi wa kwaya akifungua mdomo, kazi hana.

Tieho: Ausi... kuhusu Alhamisi. Sasa una la kunisema pale barazani.

Puseletso: Nimeshakwambia, siri za wateja sitoi.

Tieho: Mimi si mteja wako.

Puseletso: Ndilo lililokuponza. Nenda, bwana!

Tieho: Ngoja, Mme Nthatisi anasema... [mbali] nini? [karibu] Anasema nimpigie Ausi Puseletso wa Pumziko atushauri.

Puseletso: Mwambie nipo kwenye simu.

Tieho: Anasema namba anayo. Ausi, mke wangu anayo namba yako?

Puseletso: Watu wengi wanayo.

Tieho: Ameiandika "Ausi P." na ua jekundu pembeni.

Puseletso: Ntate, gari.

Tieho: Tunatoka. Amenifunika blanketi. Jirani anachungulia— dumela, Ntate Lekgetho! Tumbo! Tumbo tu! —Ananilaza kiti cha nyuma, kifudifudi. Salio langu linakwisha, Ausi. Kitu kimoja. Anasema alikuja kwako mwezi wa tano kuulizia kitu, akaogopa kuniambia.

Puseletso: Hmm.

Tieho: Alikuja kuulizia nini?

Puseletso: Muulize yeye. Mna dakika ishirini njiani.

Tieho: Lakini Ausi, kilikuwa cha kwake au ch—

Puseletso: Haloo? Ntate? Haloo?