Mguu wa Kushoto wa Meneja

Benchi la kijiwe chetu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha viatu, na mbele yake kuna nguzo ya taa ambapo Mjomba hufunga farasi wake kila asubuhi anapokunywa kahawa. Farasi anaitwa Meneja, kwa sababu tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumharakisha. Ana miaka ishirini na moja, na kumi na saba kati ya hiyo ameuvuta mkokoteni wa Mjomba. Sasa yapata miezi minne anachechemea mguu wa mbele. Siku hiyo Mjomba alikuja na Meneja bila mkokoteni, akakaa, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba sukari kwamba ameshaongea na mtu wa machinjio, atakuja kesho saa nne. Hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Tukafanya tunachokiweza, tukaanza kubishana.

— Mjomba, punguza haraka, akasema Dereva Kona, aliyeendesha malori mpaka macho yakamgomea. Hiyo ni shokapu ya mbele kushoto. Lori likifa shokapu linainama hivyohivyo.

— Tangu lini farasi akawa na shokapu?

— Kila chenye miguu minne kina shokapu. Bila hivyo tumbo lingekuwa linagonga barabara.

— Mnahangaika na bodi wakati tatizo ni umeme, akasema Mitambo, fundi redio. Huyu ana vyuma vinne miguuni. Tangu wasimamishe ule mnara wa simu, chuma cha kushoto kinakamata mawimbi. Akikanyaga, anapigwa shoti.

— Na vile vitatu?

— Viko nje ya mtandao.

Mzee Faili akakohoa. Huyu alikaa ofisini miaka thelathini akipokea maombi ya likizo.

— Jamani, huyu mfanyakazi ameumwa lini? Hajaumwa. Miaka kumi na saba hakuleta cheti hata kimoja. Sasa anadai likizo zake zote kwa mpigo. Mwandikieni barua ya kumkubalia, mtaona atakavyotembea.

— Kiatu kinambana, nikasema mimi, maana ndimi fundi viatu na nilikuwa bado sijachangia.

Mjomba hakucheka.

— Nimeuhangaikia mguu huu, jamani. Kila asubuhi nauinua, nauweka gotini kwangu, naukanda kwa maji ya uvuguvugu nusu saa nzima, naufunga bandeji. Na kila asubuhi kwanza anagoma kuutoa. Ndiyo maana najua unamuuma.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mwanamke tusiyemjua, mguu mmoja na soksi tu. Alikuwa katika pitapita zake za kuchanja mbwa wa mtaani, buti lake likaachama soli karibu na kibanda changu, akawa anasubiri gundi ikauke. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, ni mguu upi?

— Wa kushoto, tukajibu wote. Ilikuwa mara ya kwanza tunakubaliana tangu mwaka uanze.

— Mmejuaje?

— Si unaonekana, akasema Dereva Kona. Akikanyaga wa kushoto, kichwa kinaanguka.

Yule mwanamke akaokota kokoto barabarani, akampa Dereva Kona. Akamwambia aliweke ndani ya kiatu chake cha kulia, chini ya kisigino, aende mpaka duka la mkaa na kurudi, asijikaze.

Dereva Kona akaenda. Kila kisigino cha kulia kilipogusa lami, alijivuta juu, mabega na kichwa. Kila alipokanyaga cha kushoto, mwili mzima ulishuka ukapumzika hapo.

— Kichwa chake kinaanguka akikanyaga mguu upi? akauliza yule mwanamke.

— Wa kushoto, akasema Mitambo polepole.

— Na kokoto liko wapi?

Miezi minne Meneja alikuwa anapita mbele yetu asubuhi na jioni, akitutikisia kichwa, anatuambia jambo moja lilelile. Watu wazima wanne tulikuwa tunamtazama, na sote tulimsoma kinyume.

Kumbe yule mwanamke alikuwa daktari wa mifugo. Akamwomba Mjomba ruhusa, akafungua begi, akasafisha ngozi juu kidogo ya ukwato wa kulia, akamchoma sindano mbili, moja kila upande.

— Hii ni ganzi tu, mjomba. Haiponyi. Ni kama tochi, inanionyesha maumivu yamejificha wapi.

Tukangoja dakika kumi. Daktari akabonyeza nyuma ya ukwato kwa ncha ya kalamu, Meneja akaendelea kutazama barabara.

— Mtembeze.

Hatua ya kwanza Meneja aliiweka kwa hadhari, na ya pili pia. Ya tatu akasimama, masikio mbele, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kisha akaenda. Kichwa kilitulia kiasi kwamba ungeweza kuweka kikombe cha kahawa juu yake kisimwagike. Mzee Faili akavua kofia. Mimi machozi yalinitoka na sikujisumbua kuyaficha.

— Tatizo liko ndani ya ukwato wa kulia, huku nyuma, akasema daktari. Kuna mfupa mdogo pale, farasi wengi wakizeeka huwauma. Kesho nitaleta mashine ya picha nihakikishe. Mizigo mizito basi tena. Lakini akipata dawa kwenye chakula, matembezi mafupi, na kiatu kilichoinuliwa kisigino, bado ana miaka yake.

— Kiatu, nikamwambia Mitambo. Nilisemaje mimi?

Mjomba alikuwa ameshatoa simu.

— Usije kesho, akasema. Hapana, wala keshokutwa.

Akairudisha mfukoni, akamgeukia daktari.

— Lakini mwanangu, mbona aliokuwa anaugomea ni wa kushoto?

— Ulipouinua wa kushoto, alibaki amesimama juu ya upi?

Mjomba akakaa kwenye benchi. Nilimwona akihesabu zile asubuhi zote, nusu saa nusu saa.

— Lakini alikuwa anautoa, akasema. Nikimwambia tafadhali bwana, anautoa. Hata teke hakunipiga.

— Kwa nini? akauliza daktari, na hakuuliza kidaktari.

Dereva Kona hakuwa na shokapu, wala Mitambo hakuwa na mnara. Mzee Faili alikuwa anageuzageuza kofia yake.

Gundi ilikuwa imekauka zamani na hakuna aliyeondoka. Ganzi ilipoanza kuisha, kichwa kikarudia kuitikia, kidogokidogo, na safari hii tulikielewa. Mjomba akainuka kwenda kumfungua. Kwa mazoea akapitia upande wa kushoto. Meneja akamwona, akashusha pumzi ndefu, akahamishia uzito wake kwenye mguu wa kulia, akauinua wa kushoto na kumngojea.

— Weka chini, bwana, akasema Mjomba, ameushika ule ukwato kwa mikono yote miwili. Tafadhali. Weka chini.