Gedion Njuki: Miaka Thelathini na Minne ya Kuandika Waliokuja Kazini

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, saa kumi na moja jioni, Bwana Gedion Njuki atafunga droo yake katika Idara ya Usafi ya manispaa yetu na kurudi kwao Runyenjes, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe, na sijawahi kumwona akikosea hesabu. Mashine mpya ya mahudhurio inasema amefanya kazi miezi saba, kwa sababu kabla haijafika hapa hakuna mtu aliyekuwa kazini.

Chama chetu cha ustawi ndicho kilicholipia kijitabu hiki, wala si ofisi. Nimeketi meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na minne, kwa hivyo nimepewa ruhusa ya kusema.

Aliajiriwa mwezi Agosti mwaka wa 1991, enzi za baraza la mji, akiwa karani wa kutunza saa. Kazi yake ilikuwa daftari kubwa na kalamu nyekundu. Ikifika saa mbili na dakika tano alipiga mstari, na aliyeandika jina chini ya mstari huo alikatwa nusu siku, awe mfagiaji au bwana afya. Mwaka wa 1998 gurudumu la baiskeli yake lilitoboka njiani, akafika saa mbili na robo, akajiandika chini ya mstari. Mwisho wa mwezi alikuta mhasibu amemwonea huruma na kumlipa mshahara wote. Bwana Njuki alimwandikia barua ya malalamiko.

Visingizio alivijua kwa majina. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa ameketi safu ya tatu, alimzika nyanya yake mara mbili katika muda wa miaka miwili. Alipoomba ruhusa ya mazishi ya tatu, Bwana Njuki hakumkatalia. Alitupitishia kadi ya rambirambi, nasi sote tukaandika kwamba tumehuzunika tena. Mwenzetu huyo hajachelewa kazini tangu siku hiyo, na nyanya, nasikia, anaendelea vizuri.

Asije mtu akadhani huyu ni mzee anayeogopa mashine. Ugatuzi ulipoleta kompyuta, alisoma masomo ya jioni mjini Meru kwa nauli yake mwenyewe. Orodha ya mishahara ilikuwa ikituchukua siku kumi na moja kuiandaa kwa mkono, naye akaishusha hadi siku mbili. Tulianza kulipwa tarehe ileile kila mwezi, jambo ambalo liliwachanganya sana wenye maduka waliozoea kutukopesha.

Kisha mwezi Machi mwaka huu ikaja mashine ya vidole. Tulipigiwa hema, tukapewa pilau na soda mbili kila mmoja. Mgeni wa heshima alichelewa saa mbili unusu, akakata utepe, na kutupongeza kwa kuikubali nidhamu ya wakati. Tulielezwa kwamba kuanzia sasa mashine ndiyo itakayozungumza na orodha ya mishahara moja kwa moja, bila mkono wa karani. Atakayekosa kuonekana na mashine kwa siku sitini atahesabiwa mfanyakazi hewa na kufutwa. Madaftari yote ya mahudhurio yalitakiwa stoo siku hiyohiyo, na waraka ukasema kuyaandika tena ni kosa la nidhamu.

Fundi aliyetusajili, Abdifatah wa Meru mjini, ni kijana mpole asiye na makuu. Alisema kila mtu atoe kidole chochote, mradi kisiwe na nyufa. Bwana Njuki ndiye aliyewafafanulia wafagiaji kwa Kimeru chake chenye lafudhi ya Kiembu, na hapo akaongeza la kwake. Aliwaambia kwamba kwa kuwa hili ni jambo la kazi, watoe kidole kinachofanya kazi.

Wafagiaji ishirini na watatu walitoa gumba la mkono wa kulia. Baadhi walilifuta kwanza kwenye aproni kwa fahari. Sasa, kila mkazi wa huku anajua gumba hilo lilivyo. Asubuhi hushika ufagio, jioni na Jumamosi huchuma majani chai shambani, na utomvu wa chai huliacha jeusi na kupasukapasuka. Siku ya kusajiliwa mashine iliyapokea yote. Wiki iliyofuata haikuyajua.

Sisi wa ofisini hatukupata shida yoyote. Tulitoa vidole vya kushikia kalamu, ambavyo havijawahi kupatwa na lolote. Aliyefaulu kutushinda sote ni Bwana Koome, afisa wetu wa mipango. Hubonyeza mashine saa mbili kasoro dakika mbili, hupanda gari kwenda Kangeta kushughulikia biashara yake ya miraa, na hurudi kubonyeza tena saa kumi na moja na dakika mbili. Kwa mujibu wa mashine hajawahi kukosa kazini hata dakika moja. Kwa mujibu wa kiti chake, hilo tuliache.

Makandi amefagia barabara ya soko kwa miaka kumi na tisa. Mwezi wa Aprili mashine ilimtambua siku moja tu, nao mshahara wake ukaja wa siku moja. Alikula kwa msaada wa bintiye anayefanya kazi kwenye shamba la maua kule Timau, na bado kila alfajiri alikuja kufagia, kwa sababu aliogopa kwamba akikosa kweli ndipo watasema mashine ilikuwa sahihi. Mwanzoni mwa mwezi huo, mashine ilipoanza kumkataa, alikuwa ameingia ofisini na ufagio mkononi, akasimama mbele ya meza ya Bwana Njuki.

"Karani, hii mashini inasema mimi si mimi," alisema. "Sasa ni nani alifagia hapo nje asubuhi?"

 Bwana Njuki alinunua daftari la shule la kurasa mia mbili kwa pesa zake, na kuanzia kesho yake alikuwa kwenye stoo ya wafagiaji saa kumi na mbili kasoro robo, akiandika nani amekuja, nao wakitia sahihi. Waraka wa kukataza madaftari ulikuwa bado umebandikwa ubaoni, na gundi yake haijakauka vizuri.

Mwezi wa Mei Abdifatah alirudi kukagua. Alilishika gumba la Makandi, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akauliza kwa upole ni kwa nini wote wamechagua kidole kibovu kuliko vyote.  Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, nikamwona Bwana Njuki akiitazama sakafu.

Saa nne, wakati wa chai, alinieleza yote. Nilimshauri anyamaze. Nilimwambia amebakiza miezi mitano, faili lake halina doa, ng'ombe wake wanamngoja Runyenjes, na kwamba mambo haya ya mashine hujitengeneza yenyewe. Ushauri huo ulikuwa wa woga, na leo naukana mbele yenu nyote. Naye aliufuata, kwa wiki tano. Nalisema hili kwa sababu yeye mwenyewe ameniambia nisiliruke.

Juni ilipokaribia kwisha, orodha ya wafanyakazi hewa ilibandikwa. Majina yalikuwa ishirini na matatu. Wenye majina hayo walikuja kuisoma wenyewe, wakiwa wamevaa aproni za kazi, na baada ya kuisoma wakafagia mbele ya ubao. Kamati iliundwa kuidhinisha ufutaji huo. Siku ya kikao Bwana Njuki alipiga mlango bila kualikwa, akaweka daftari lake juu ya meza.

"Makosa ni yangu," aliwaambia. "Mimi ndio niliwaambia watoe kidole ya kazi. Hawa watu walikuja kila siku, na nimewaandika."

Kamati ilikaa siku nne. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama mashine inaweza kushtakiwa. Mwingine alipendekeza wafagiaji waache kuchuma chai hadi mwisho wa mwaka wa fedha. Abdifatah alipoitwa, aliwasajili upya kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakina kazi yoyote duniani, na mashine ikawatambua wote kwa muda usiotimia saa moja. Ikabaki mishahara ya miezi mitatu, ambayo haikuwa na ushahidi mwingine popote isipokuwa daftari lililopigwa marufuku.

Uamuzi wa kamati naunakili kwa heshima zote. Ilionekana kwamba daftari ni haramu, lakini yaliyomo ni kweli. Kwa hiyo wafagiaji walilipwa kwa mujibu wa yaliyomo, na Bwana Njuki akapewa barua ya onyo kali kwa mujibu wa jalada. Ni barua ya kwanza ya namna hiyo katika faili lake. Mwenye barua ya onyo hawezi kupewa Cheti cha Utumishi Uliotukuka, na ndiyo sababu leo mtaona Mkurugenzi akimkabidhi cheti hicho Bwana Koome, kwa mahudhurio yasiyo na kifani. Tafadhali mpigieni makofi. Amefanya juhudi kufika.

Bwana Njuki, tunakushukuru. Umetufundisha kufika mapema, umetulipa kwa wakati, na pale ulipokosea ulirudi mwenyewe ukasema umekosea, ingawa ulichelewa wiki tano. Nilikuonea uchungu ulipoipokea ile barua, nawe ukaitia sahihi, ukaandika saa uliyoipokea, ukarudi kwenye meza yako. Nitaikumbuka sana meza hiyo ilivyokuwa na mtu.

Safu mbili za nyuma, kama mnavyoona, hazina watu. Viti hivyo tuliwawekea wafagiaji. Waliomba ruhusa ya saa mbili waje kukuaga, lakini mashine ina kitufe cha ugonjwa, cha msiba na cha uzazi tu, haina cha kumuaga mtu, na atakayeondoka kwenye barabara yake atakatwa siku nzima. Makandi alisema atakuja, wamkate. Wewe ndiwe uliyemtumia ujumbe kumkataza.

Jana nilimkuta mbele ya soko, nikamwambia kijitabu kiko tayari kwenda kupigwa chapa. Aliuegemea ufagio wake, akafikiri kidogo.

"Kaari, wewe si ndio unaandika?" aliniuliza. "Basi andika niko."

Nimemwandika. Makandi yuko, na wenzake ishirini na wawili wako, hakuna aliyekosa. Nenda salama, Bwana Njuki, na miaka yako iliyobaki ikawe ya raha na afya.