Mawe ya Kusimama Juu ya Ngungu

Musogee, watoto wangu, kwa sababu sauti yangu imepungua na sitarudilia maneno. Valens, wewe mukubwa, kaa pale nikuone. Jean de Dieu, weka ile telefone chini. Byukusenge, kamata mukono wangu.

Munajua shamba letu la maharagi juu ya kijiji chetu cha Ngungu, lile linapakana na rezevu, pori ya serikali. Njia ya kupanda kwenye mawe ya kusimama inapita katikati yake, kwa hiyo mwenye shamba njo mwenye mulango. Mawe ile, hakuna muntu anajua nani aliisimamisha. Papa yenu Habineza aliikuta, babu yake aliikuta, na wote walilima wakiizunguka. Tuliporudi kutoka kukimbia vita, nyumba ilikuwa imechomwa, majani imefunika kila kitu, hatukujua hata mulango wetu ulikuwa wapi. Papa yenu akatazama juu, akaona mawe iko imesimama, akasema, "Basi, tumefika." Akapima kwa macho kutoka pale, akatuonyesha mahali pa kujenga. Mulizaliwa mahali ile.

Wewe Valens ulikula maharagi ya lile shamba mpaka ukapata diploma. Kisha ukakutana mu mji na wanaume wa viatu safi, wakakuambia wazungu wa zamani walificha dhahabu chini ya mawe, na wewe ukaamini, muntu muzima mwenye ndevu. Ukawaleta na nyundo wakati niko kwenye misa. Walipoangusha jiwe kubwa na kulipasua, ndani ya jiwe mulikuwa jiwe, na chini yake mulikuwa udongo. Njo dhahabu uliyopata.

Dada yako Byukusenge aliwakuta akitoka kuchota maji. Akasimama mbele ya jiwe la pili, akakuambia, "Kaka, hii haiko yako." Ukamujibu, "Ondoka, ni mambo ya wanaume." Hakuondoka. Mwenzako akapiga nyundo vile vile, kipande kikaruka, kikachukua jicho lake. Wanawake waliokuwa wanaenda soko walisikia kilio, wakapanda na mizigo yao ya mihogo, wakakaa kuzunguka mawe na kukataa kutoka. Wale wanaume wako, wakubwa hivyo, wakakimbia mbele ya mihogo. Na wewe ukashuka nao. Ulimuacha dada yako anashika uso wake mu damu, ukashuka nao. Jean de Dieu njo alimupeleka hospitali kwa pikipiki, mvua ikiwapiga njia yote.

Wakubwa wa rezevu nao walikuja, mawe ikiisha kupasuka. Wakapiga picha, wakasimamisha kibao cha kukataza watu, wakakula kuku yangu, wakaenda. Leo mbuzi wanajikunia kwenye kile kibao. Hakuna hata mumoja aliuliza Byukusenge jina lake. Musiwangojee wale.

Sasa musikilize vizuri. Mama Anastasie jirani na chefu wa kijiji waliisha kusikia maneno haya, kwa hiyo musijaribu kugeuza. Nyumba na ng'ombe ni ya Jean de Dieu. Shamba lote, pamoja na njia, ni ya Byukusenge. Baba zenu wadogo watasema mwanamuke harithi mulima. Waseme. Kisha wakuambie, binti yangu, walikuwa wapi siku ile. Wewe Valens, nakuachia koti ya papa yako, kwa sababu hata muntu kama wewe anasikia baridi.

Jiwe lililopasuka musiliunganishe na simenti. Lilale vile, watoto wenu waliulize. Mimi munizike karibu na kanisa, si kule juu, mimi siko malkia. Na wanawake wa mihogo wakule wa kwanza kwenye matanga, mbele ya watu wa kanisa, mbele ya...

Ngojeni. Nipumue.

Byukusenge, Mungu akuangalizie upande ule hauoni. Mikono yako isikose mbegu. Jean de Dieu, Mungu akupe watoto wenye roho kama yako, na wewe na muke wako Astrid musizeeke na njaa.

Valens. Usilie, unanichokesha. Baraka yako niko nayo, wewe ni mutoto wangu, nilikubeba. Lakini sikupatii mimi. Nimeiweka kwa dada yako. Uende umuombe... siku akiona unafaa... atakupatia.

Mufungue dirisha kidogo. Inatosha.