Mama Breki na Jioni Zisizo na Glasi

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi makanika na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji ya baba. Alijua kutambua injini mbovu kwa sauti kabla hajajua kusoma. Mwezi uliopita, alipoona hali yake inazidi kuwa mbaya, alimwita mdogo wake anayesoma maneno haya, akamwagiza aandike wasifu huu na asiiruke sehemu ya pombe. "Msinipambe," alisema. "Mkinipamba sana, watu watadhani wamekosea jeneza." Tumejitahidi kumtii.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, akamaliza sekondari mwaka 1979, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kusomea udereva wa magari makubwa. Alikuwa msichana peke yake darasani, tena mfupi kuliko wote. Mwalimu alipomwona ananyoosha shingo ili aione barabara, alimuuliza kama anaendesha gari au anawachungulia majirani. Siku iliyofuata alikuja na mto wa kochi, akaukalia, na mtihani akaufaulu mara ya kwanza.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kusambaza mikate kwa gari la kiwanda. Huko ndiko alikokutana na mumewe, fundi rangi, aliyekuwa juu ya ngazi akipaka ukuta. Marehemu alipiga honi ili apishwe. "Ukiniangusha, utaniuguza mwenyewe," fundi akamjibu kutoka juu. Hakumwangusha, ila aliikanyaga ndoo ya rangi, na siku hiyo gari la mikate lilizunguka mitaa yote likiwa na tairi la bluu. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa binti, kisha mtoto wa kiume. Mwaka 1994 aliajiriwa kuendesha basi la shule. Watoto wa shule ndio waliompa jina la Mama Breki, kwa sababu alikuwa akianza kupunguza mwendo kwa ajili ya tuta ambalo wengine hawajaliona bado.

Pombe iliingia nyumbani kwake kwa adabu. Ilikuwa glasi moja ya mvinyo jioni, yeye na mumewe, mezani jikoni, baada ya kazi. Baadaye glasi ikaanza wakati wa kupika, nyingine ikafuata wakati wa kula, na nyingine ya kuletea usingizi. Hakuwahi kupepesuka, wala hakuna jirani aliyewahi kumsikia akipayuka. Asubuhi alioga, akanywa chai, akapiga pasi sare yake. Vidole vikitetemeka kidogo anapofunga vifungo, alijiambia ni baridi.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Februari 2009, basi likiwa limejaa watoto, alifika kwenye makutano ya barabara na reli. Hapakuwa na kizuizi pale. Kila siku alikuwa akisimama, anashusha kioo, anasikiliza, ndipo anavuka. Jumapili ile alikuwa amekunywa zaidi ya kawaida, na ingawa alijiona mzima, kichwa kilikuwa kizito kama kimefungwa kitambaa. Alivuka bila kusimama. Honi ya treni aliisikia akiwa ameshavuka, na katika kioo cha nyuma aliona mabehewa yakipita mahali palepale ambapo kiti cha mwisho cha basi kilikuwa kimetoka punde tu. Watoto walikuwa wanaimba.

Aliliegesha basi pembeni, akazima injini. Dada msimamizi wa watoto alitoka nyuma, akaja kuinama karibu na sikio lake.

"Umeiona treni?"

"Nimeiona."

"Kabla au baada?"

Yule dada akanyoosha mkono, akachomoa funguo mwenyewe. Alikuwa amelijua jibu, na harufu ya pombe alikuwa ameisikia tangu alipopanda, ila aliona haya kumwambia mtu mzima.

Shule ilileta dereva mwingine. Mchana huo marehemu alikwenda kwa mwalimu mkuu, akaeleza yote akiwa amesimama, maana aliogopa kwamba akikaa hatainuka. Mwalimu mkuu hakumfokea. Alizitia funguo kwenye droo na kumwambia, "Nenda ukatibiwe. Ukiwa tayari, urudi tuongee. Kwa sasa hata mimi naogopa."

Walikwenda kwa daktari wakiwa wawili, yeye na mumewe. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, alimuuliza anakunywa kiasi gani. "Kidogo tu," akasema. Daktari akaweka mezani glasi na jagi la maji. "Nimiminie hicho kidogo, kama unavyomimina nyumbani." Marehemu alimimina. Daktari alipima, akasema kwamba hiyo glasi moja, kwa kipimo cha hospitali, ni karibu glasi tatu. Kisha akamgeukia mume. "Na wewe, baba." Fundi rangi alimimina kwa mkono usiotikisika, mpaka ukingoni, bila kudondosha hata tone. Daktari alicheka, lakini wao hawakucheka.

Aliwaeleza kwamba pombe ya jioni yaweza kuwa bado mwilini asubuhi, hata mtu akijiona mzima. Kwa kuwa vidole vya marehemu vilitetemeka asubuhi, alimkataza kuacha kwa ghafla, maana mwili uliozoea waweza kupata degedege. Apunguze taratibu, aje kuangaliwa mara kwa mara, na akishatulia awe na siku kamili katika juma ambazo hagusi kabisa.

"Siku gani?" marehemu akauliza.

"Wewe unaendesha siku gani?"

Basi ikawa hivyo. Tangu jioni ya Jumapili hadi ya Alhamisi, hakuna chupa mezani. Ijumaa na Jumamosi, glasi ndogo moja, nayo wakati wa chakula. Fundi aliamua kushika siku hizohizo, ingawa alilalamika kwamba yeye ndiye mfungwa pekee aliyehukumiwa bila kuendesha basi.

Sisi tuliomtembelea miezi ile tulikuta mtu mwenye hofu. Saa kumi na mbili jioni ikikaribia, alikuwa akitoka jikoni, anarudi, anafungua kabati, analifunga. Jasho lilimtoka. Alimwambia mdogo wake, "Treni niliiona mara moja. Saa kumi na mbili inakuja kila siku." Aliogopa usingizi utakataa, na kweli ulikataa. Aliogopa zaidi kwamba pombe ikiondoka atagundua kuwa furaha yote ya nyumba ile ilitoka kwenye chupa, na yeye na mumewe hawana la kuambiana. Fundi, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, alianza kupaka rangi kuta za jikoni jioni hizo. Alizipaka njano, akazigeuza kijani, akarudi kwenye njano, hadi jirani akauliza kama kuna kitu wanachokifuta. Marehemu alishika ngazi. Wakaanza kuongea.

Alirudi kwenye usukani mwaka uliofuata. Dada msimamizi, aliyekuwa ameapa kwamba hapandi tena, alipanda. Alikaa kiti cha mbele, akanusa hewa bila kuficha.

"Nimekunusa," alisema.

"Ninuse kila siku," marehemu akamjibu.

Hakuwa malaika. Ziko Jumatano alizoteleza. Ikitokea hivyo, kabla ya mapambazuko alimpigia simu mwalimu mkuu na kusema, "Leo siendeshi," na shule ilikuwa imeshajua maana yake. Aliendesha namna hiyo, kwa woga, hadi alipostaafu mwaka 2021.

Mwaka 2023 aligundua uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Ilikuwa saratani. Alimuuliza daktari kama ni kwa sababu ya zile glasi. Daktari alimjibu kwamba pombe huongeza hatari, lakini kwa mtu mmoja hakuna awezaye kusema kwa hakika. Jibu hilo lilimsumbua kuliko maumivu.

Hata hivyo hofu yake kubwa haikuwa juu yake mwenyewe. Ilikuwa juu ya mwanawe, fundi wa kompyuta, ambaye alikuwa akinywa kila jioni na kufika kazini kila asubuhi. Alasiri moja ya mwezi Julai mwaka huu alimketisha kando ya kitanda.

"Mama, mimi siendeshi basi," kijana alisema.

"Najua. Ndiyo maana naogopa. Mimi nilipata cha kunishtua. Wewe utashtuliwa na nini?"

Kijana akamvutia blanketi miguuni.

"Sikuambii uache," mama akaendelea. "Kaa jioni moja tu bila kugusa. Moja. Halafu uje unieleze."

Alikuja kesho yake, akasimama mlangoni, hakuingia. "Sijaweza, mama," alisema. "Nimejaribu, sijaweza. Mikono ilikuwa inaruka." Alikuwa analia.

Marehemu, ambaye kwa majuma alikuwa hajatoka kitandani ila kwa kushikwa, aliomba viatu. Tulimkatalia. Akasema basi ataenda bila viatu. Alipelekwa kwa teksi, amefunikwa blanketi, akaketi kwenye benchi la korido ya zahanati huku ameshika mkono wa mwanawe wa miaka thelathini na tatu, mpaka jina la kijana lilipoitwa. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kutoka nyumbani akiwa hai. Kijana bado anatibiwa. Ni yeye aliyesema tuyasome haya mbele yenu, na amesimama hapa.

Mama Breki alifariki nyumbani kwake alasiri ya tarehe 2 Septemba 2024, mumewe akiwa kando yake. Alimwambia, "Naogopa." Fundi akasema, "Hata mimi." Hawakuachiana mikono.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mtoto wa kiume, mkwe mmoja, wajukuu watatu, kaka yake na mdogo wake huyu anayesoma.

Hofu yake imekwisha. Yetu bado tunayo, na tutakwenda nayo nyumbani jioni hii. Dada, lala salama, upumzike kwa amani.