Mama Makofi na Mkono wa Kulia

Ijumaa, tarehe 28 Juni, mwalimu wetu wa darasa la awali anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wote tunamwita Mama Makofi, na mgeni asishtuke: hajawahi kumzaba mtoto kofi. Kwake kila kitu hupigiwa makofi, hata kufunga kamba za viatu.

Alianzia kwenye stoo ya madawati mabovu. Akaifagia, akaipaka chokaa, akatandika mikeka. Katika mji wetu mdogo, mzazi asiyemudu karo ya chekechea za binafsi, zile zenye bembea na basi lao, hana pengine pa kumpeleka mtoto ila kwake. Mimi nafundisha darasa la kwanza, mlango wa pili, na watoto wake wakinifikia wanajua kushika penseli, kungoja zamu na kupenga kamasi. Hayo mengine tunamalizana nayo huku.

Kila mwaka unapoanza, darasani kwake ni vilio mtindo mmoja. Ndipo akaweka sheria: anayetaka kulia anyooshe mkono kwanza, apewe nafasi. Wengi wakishanyoosha husahau walichotaka kulilia.

Sasa, mwaka mmoja tuliambiwa darasa likivurunda kwenye upimaji litafungwa. Mkaguzi akaja, akawaambia watoto wanyooshe mkono wa kulia. Haukupanda hata mmoja. Siku hiyo hakuna aliyetaka kulia. Akarudia kwa ukali. Binti mmoja akanyoosha, akaangua kilio, na darasa zima likamfuata, mikono juu. Loo! Mkaguzi akaandika kwamba hawajui kulia wala kushoto. Roho zilituruka, maana watoto wale wangebaki majumbani. Mama Makofi hakubishana. Alimwomba tu awaulize wanakula kwa mkono upi. Ikapanda mikono ya kulia mitupu, isipokuwa wa mmoja, naye kweli ana mashoto. Alipoelezwa ile sheria, mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani, kisha akafuta alichoandika.

Darasa lipo hadi leo. Binti yule sasa ni mzazi. Mwanawe yumo humo humo, analia bila hata kunyoosha mkono.

Asante, Mama, kwa watoto wote uliotuletea. Tunakutakia afya, usingizi wa asubuhi na nyumba yenye utulivu. Ijumaa ukituona walimu wazima tumenyoosha mikono, usidhani tuna swali. Sheria ni yako mwenyewe.