Masale Niliyopanda Kwenye Njia ya Masista

Bwana asifiwe! Na ninyi wa upande wa pili, tumsifu Yesu Kristo! Haya, nimewasalimu wote, asiseme mtu kwamba Mlutheri hana adabu. Mniwie radhi nikishikilia kiti hiki.

Wengine mnaikumbuka zahanati hii ilipokuwa stoo ya kahawa. Masista walikuja wawili na meza moja. Mimi ndiye jirani wa chini, na gari la mgonjwa lilipita pembeni mwa kihamba changu, shamba nililorithi kwa baba, sikuwa na neno. Baadaye wakaongeza vyumba, wakajenga wodi ya wazazi, magari yakazidi. Ndugu zangu, nawaambia kweli, hofu ikaniingia. Baba yangu amezikwa pale migombani. Kila asubuhi nilitoka kuangalia kama ukuta wao umesogea. Haukusogea hata unyayo mmoja, lakini mwenye hofu huambiwa nini akasikia?

Nikapanda masale, ile mimea yetu ya mpaka, katikati ya njia. Mwenye miguu apite, gari lisipite. Nilijua ninachofanya. Huku kwetu nani atang'oa isale la mpaka wa mwenzake? Mlutheri hathubutu, Mkatoliki hathubutu. Sista mkuu, mwenyeji wa Songea, akaja na shikamoo yake kuniomba. Nikamjibu nitafikiria. Nikafikiria mwaka mzima, na wagonjwa wakawa wanateremshwa kwa machela hadi barabarani.

Masika yaliyofuata binti yangu akajifungulia hapa. Mtoto salama, ila mama damu haikukata. Sista akanifuata kwenye benchi. "Mzee, apelekwe hospitali ya mjini sasa hivi."

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Wabebaji walijaribu njia na machela tupu, wakaanguka wote wawili. Basi dereva akalipandisha gari kutoka barabarani, akasimama mbele ya masale yangu. Akashuka, akavua kofia.

"Baba, mimi nimezaliwa hapa hapa Masama. Isale siling'oi, wala silikanyagi."

Ningemlaumu vipi? Baba aliniambia tangu utoto kwamba anayeng'oa isale, nyumba yake haiponi. Nikasimama kwenye matope. Niking'oa, laana. Nisipong'oa, mwanangu anaisha. Ndugu zangu, sijawahi kuogopa vile, na msidhani mzee haogopi.

Sista akaja mbio, gauni jeupe limejaa damu. "Unaogopa, mzee?"

"Naogopa, sista."

"Hata mimi naogopa. Tuogope huku tunang'oa."

Akainama, akashika shina la kwanza. Ndipo nami nikapiga magoti. Niling'oa kwa kucha, nalia kwa sauti mbele ya watu. Gari likapita.

Binti yangu aliongezewa damu mjini, akarudi nyumbani anatembea. Mimi nikachuma jani la isale, nikampelekea sista. Mchagga akiletewa jani hilo anajua ameombwa msamaha, na hawezi kukataa. Sista akalipokea kwa mikono miwili: "Asante mzee, zuri kweli!" Akalichomeka kwenye chupa ya maua, miguuni pa Bikira Maria.

Chekeni tu! Mgeni angejuaje? Ikabidi niseme kwa mdomo wangu: "Sista, nilimzibia njia mwanangu mwenyewe. Na wana wa wenzangu pia. Nisamehe." Nilitoka jasho kuliko siku ile ya matope. Akanishika mkono, akasema amenisamehe siku nyingi.

Nawashukuru masista, dereva, na waliomtolea damu mwanangu bila kumjua. Wote mlioteremshwa kwa machela kwa ajili yangu, leo nawaomba msamaha hadharani. Kuogopa si kosa. Kosa langu lilikuwa kuipa hofu jembe, ikalime inapotaka.

Hofu yenyewe haijaisha. Nikisikia gari linapanda, moyo unanipasuka, najiuliza leo ni binti wa nani. Kisha navaa mabuti, naenda kulisukuma.